Elizabeti si Jina la Kizungu



Kwaresima inakaribia. Jumapili yake ya kwanza wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka wataandikwa majina mbele ya waamini wote. Kwa hiyo siku hizi, katika vijiji vyetu vya Bukama, ukipita jioni utasikia swali hilo hilo nyumba kwa nyumba: Nitachagua jina gani? Wanaume hawasumbuki sana. Huyu ataka Petro, yule ataka Paulo, maneno yamekwisha. Wanawake hufikiri zaidi, nami nawasifu kwa hiyo, maana jina la ubatizo si kitambaa cha sikukuu, kinachovaliwa asubuhi na kukunjwa jioni.

Mwezi uliopita, baada ya mafundisho, mama mmoja auzaye samaki wakavu karibu na kituo cha gari la moshi alibaki nyuma, wenzake walipokwisha kwenda zao. Akaniambia: «Mwalimu, nataka jina la Elizabeti. Lakini wifi yangu ananicheka. Asema ni jina la malkia wa Wazungu, na kwamba mwanamke wa Lualaba asijivike nguo ya malkia.» Akanyamaza kidogo, akatazama chini, kisha akaongeza kwa sauti ndogo: «Na tena nimesikia kwamba Elizabeti huyo alikuwa tasa kama mimi, na mwishowe akazaa. Nikiitwa jina lake, je, Mungu atanipa mtoto?»

Hayo ni maswali mawili. La kwanza laweza kujibiwa na kila mtu asomaye Maandiko. La pili lilininyima usingizi. Nimeomba nafasi katika gazeti letu niyajibu yote mawili, kwa sababu najua kwamba mama huyu hayuko peke yake.

Wifi yake hakusema bila sababu, tumtendee haki. Watu wa Bukama walilisikia jina hilo kwanza kwa njia ya reli. Mwaka 1910 Wabelgiji walianzisha mji kule kusini, penye shaba, wakauita Elisabethville kwa heshima ya Elisabeth, mke wa mfalme wao Albert wa Kwanza. Mwaka 1918 reli iliyotoka mji huo ikafika hapa kwetu, ukingoni mwa Lualaba, mahali ambapo vyombo viliweza kuanza kushuka mtoni kuelekea Kongolo. Kwa wazee wetu, basi, Elisabethville ndipo lilipotoka gari la moshi. Ndipo vijana walipokwenda kutafuta kazi, na ndipo wengine walipopotelea, wasirudi tena kwa mama zao. Si ajabu kama jina hilo lilinuka moshi na mambo ya ugenini. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Lubumbashi, na jina la malkia likaondolewa kituoni.

Halafu mwaka 1972 kulikuja jaribu lingine. Nchi ilikuwa ikiitwa Zaïre, na serikali ya Mobutu iliamuru raia waache majina ya Kikristu, wachukue ya mababu tu. Padri ambaye angembatiza Mzaïre kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga jambo hilo, na mwaka huo alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Wanawake waliokuwa wamebatizwa kwa jina la Elizabeti waliandikwa upya katika karatasi za serikali. Lakini jina la ubatizo halikufutika kwa kalamu ya karani, kwa sababu si karani aliyelitoa. Baada ya mwaka 1990 watu wakaanza kulitaja tena waziwazi.

Sisemi kwamba kila neno lililonenwa siku zile lilikuwa uongo. Wako kweli watu wa dini waliodharau majina ya mababu zetu, kana kwamba Mungu hawezi kumwita mtu kwa lugha ya mama yake. Kanisa halifundishi hivyo. Sheria yake ya mwaka 1983 yataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristu. Naye Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa Mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, twamwomba atuombee kwa jina lake la kwetu. Atakaye kubatizwa kwa jina la bibi yake, jina jema, hakuna amkatazaye. Lakini yule atakaye Elizabeti asizuiwe kwa kuambiwa kwamba anaiba kitu cha Wazungu. Wazungu nao walilipokea kwa wengine, kama sisi.

Sasa sikilizeni asili yake.

Jina hili ni la Kiebrania, lugha ya Waisraeli, na katika lugha hiyo latamkwa Elisheva. Ndani yake mna maneno mawili. La kwanza ni «Eli», maana yake «Mungu wangu». Neno hilo husikika Jumapili ya Matawi, katika mwaka ule lisomwapo teso la Bwana wetu kama lilivyoandikwa na Mtakatifu Mateo. Yezu akiwa msalabani alilia kwa sauti kuu, akimwita Mungu wake mara mbili: Eli, Eli. Mwanzo wa jina hilo, basi, ni neno lililotoka kinywani mwa Yezu saa ya kufa kwake.

Neno la pili ni «sheva». Nalo pia mwalijua, ingawa hamjui kwamba mwalijua. Mwambieni mtoto ahesabu vidole: tano, sita, na kisha? Saba. Neno letu «saba» tumelipokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. «Sheva» kwa Kiebrania ni saba. Lakini kwa Waisraeli neno hilo lina mzizi mmoja na neno la kuapa. Mtu aapaye ni kama ajifungaye kwa saba.

Kwa nini saba na kiapo vikae pamoja? Kitabu cha Mwanzo chatusimulia habari moja ambayo wavuvi wetu wataielewa upesi kuliko wasomi wa mjini. Abrahamu alikuwa amechimba kisima, na watumishi wa mfalme Abimeleki wakamnyang'anya. Ninyi mwajua ugomvi wa namna hiyo. Maji yakishuka na samaki wakibaki katika vidimbwi, kila ukoo husema, Hapa ni petu tangu babu. Basi Abrahamu akatenga wana-kondoo saba wa kike, akampa Abimeleki wawe ushuhuda kwamba kisima ni chake, na wote wawili wakaapa. Mahali pale pakaitwa Beersheba, yaani Kisima cha Saba, au Kisima cha Kiapo. Saba na kiapo vilikutana katika kisima kimoja.

Basi Elisheva, yaani Elizabeti, kwa kawaida hufasiriwa hivi: «Mungu wangu ni kiapo», au «Mungu wangu ameapa». Wako wataalamu wanaopenda kufuata maana ya saba, hesabu ya ukamilifu, nao husema: «Mungu wangu ni utimilifu». Mimi nafuata kiapo, na mtaona sababu yake tutakapofika kwa Mtakatifu Luka.

Angalieni pia kwamba jina hilo ni sentensi nzima. Mzazi wa Kiebrania hakutafuta sauti tamu tu. Alisema jambo juu ya Mungu, akaliweka juu ya kichwa cha mtoto, ili kila aitwapo kwenda kuteka maji, jambo hilo litangazwe tena. Wazee wetu nao hawakutoa majina ovyo. Walimtazama mtoto, saa aliyozaliwa, marehemu aliyemrudisha, njaa au furaha ya mwaka ule. Mapacha wanapozaliwa kwa Waluba, majina yao Kyungu na Kabange yako tayari kabla hata mama hajalala. Kwa hiyo Waisraeli wa zamani wangetuelewa sisi upesi.

Mwanamke wa kwanza ambaye Maandiko yamtaja kwa jina hili ni mke wa Aroni, kuhani mkuu wa kwanza, ndugu wa Musa. Kitabu cha Kutoka, sura ya sita, chasema kwamba alikuwa binti wa Aminadabu na dada wa Nashoni, wa kabila la Yuda. Alizaa wana wanne, na wawili kati yao, Nadabu na Abihu, waliteketea kwa moto mbele ya Bwana. Maandiko hayatuambii zaidi juu yake. Yeye hakukanyaga Ulaya, wala habari zake hakuzisikia. Alitoka Misri kwa miguu pamoja na watumwa waliofunguliwa, na Misri ni nchi ya Afrika.

Afrika tena! Karne tatu kabla ya kuzaliwa Bwana wetu, Wayahudi wengi walikaa katika mji wa Aleksandria huko Misri, nao walisema Kigiriki. Ndipo vitabu vya Musa vilipogeuzwa katika Kigiriki huko, na jina Elisheva likaandikwa na herufi «t» mwishoni, Elisabet. Kwa hiyo hata umbo lile mnalolitamka leo, lenye «ti» yake, lilitengenezwa kando ya bahari ya Afrika, kabla Ulaya haijawa na Mkristu hata mmoja. Yule wifi alidhani limeshuka na gari la moshi mwaka 1918. Limechelewa njiani tu.

Sasa twende kwa Elizabeti mwenyewe, yule ambaye mama yetu muuza samaki anampenda.

Mtakatifu Luka aanza Injili yake kwake na kwa mumewe Zakaria, kuhani wa hekalu. Kwanza atuambia kwamba mama huyu alikuwa wa ukoo wa Aroni. Yaani jina la mke wa Aroni lilikuwa limetunzwa katika ukoo miaka mia nyingi, kama nanyi mnavyotunza jina la bibi. Pili atuambia kwamba wote wawili walikuwa wenye haki mbele ya Mungu, wakishika amri zake bila lawama. Tatu, ndipo asemapo kwamba hawakuwa na mtoto, na kwamba wamekwisha kuzeeka.

Nawasihi mtazame mpangilio huo. Luka hakusema kwamba walikuwa tasa kwa sababu ya dhambi fulani iliyofichika. Hakusema kwamba kuna mtu aliyewaroga, wala kwamba mababu walikasirika. Haki yao imetajwa kwanza, na utasa baadaye, na kati ya mambo hayo mawili hakuna kamba inayoyafunga. Katika vijiji vyetu kamba hiyo hufungwa upesi mno. Mwanamke akimaliza miaka mitatu bila mimba, maneno huanza jikoni kwa mama mkwe, kisha yanafika kisimani. Mwaka wa tano kikao cha ukoo hukaa, na mume huambiwa atafute mwingine. Na kama mume naye ana kasoro? Madaktari watawaambia kwamba jambo hilo si nadra hata kidogo. Lakini nani katika kikao hicho amewahi kumpeleka mume kupimwa? Zakaria alizeeka na mkewe yule mmoja, na Injili haitaji mwingine.

Hata hivyo aibu ilikuwako. Elizabeti alipochukua mimba alijificha miezi mitano, akasema kwamba Bwana amemwondolea aibu yake mbele ya watu. Naye malaika Gabrieli alipompasha Bikira Maria habari hiyo kule Nazareti, alimtaja Elizabeti kama yule aliyekuwa akiitwa tasa. Akiitwa! Angalieni neno hilo. Mama huyu alikuwa na majina mawili. Moja alilipewa na wazazi wake, Mungu wangu ni kiapo. La pili alilipewa na majirani, Tasa. Na ni lipi lililosikika zaidi njiani? Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama wa fulani, na jina lake la utoto halitajwi sana tena. Asiyezaa hana jina hilo la heshima. Hubaki na lile ambalo watu hulisema akiisha kupita.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeishi miaka mingi kati ya Waluba wa nchi yetu, aliandika mwaka 1945 kitabu juu ya mawazo ya Wabantu. Humo aeleza kwamba wazee wa Kiluba walitofautisha majina. Liko jina la ndani, ambalo ni mtu mwenyewe, wala halimwachi. Na yako majina mengine ambayo mtu huyachukua na kuyaacha, kwa kadiri ya mambo yanayompata. Sijui kama kuna njia bora ya kuwaelezeni ninyi habari ya Elizabeti. Tasa lilikuwa jina la nje, hata kama lilidumu miaka hamsini. Jina la ndani lilikuwa lile la kiapo cha Mungu, na siku zile zote za aibu lilikuwamo, limekaa kimya, kama mbegu ya mahindi ndani ya ghala.

Kiapo hicho ni kipi? Hapo ndipo tufikapo kwenye jambo kubwa. Mungu alimwahidi Abrahamu kwamba katika uzao wake mataifa yote yatabarikiwa. Naye Abrahamu alipouliza atajuaje, Mungu alimwamuru alete ndama, mbuzi na kondoo, awapasue vipande viwili, avitenge pande mbili. Hiyo ilikuwa desturi ya watu wa kale walipofunga agano. Waapao walipita katikati ya vipande, maana yake: Nikivunja neno langu, nami nipasuliwe hivi. Wazee wetu walijua kuchanjiana damu, kwa hiyo hawatashangaa. Usiku ulipoingia, Abrahamu alipitiwa na usingizi mzito, na moshi wa tanuru na mwenge wa moto vikapita katikati ya vipande. Mungu alipita. Abrahamu hakupita. Aliyejifunga ni Mungu peke yake. Na baadaye, kule mlimani, alipomzuia Abrahamu asimchinje Isaka, Mungu aliapa kwa nafsi yake mwenyewe, kwani, kama Barua kwa Waebrania inavyoeleza, hakuna aliye mkubwa kuliko yeye ambaye angeweza kuapa kwake. Sisi huapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba, na zamani watu walinyweshwa mwavi ili ukweli wao ujulikane. Mungu hana wa kumwapia ila nafsi yake.

Hicho ndicho kiapo kilichomo ndani ya jina la Elizabeti. Na sasa mtaona jambo zuri, ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka Padri mmoja mzee aliponionyesha. Katika nyumba ile walikuwa watu watatu. Zakaria, jina lake maana yake ni Bwana amekumbuka. Elizabeti, Mungu wangu ni kiapo. Na mtoto akaitwa Yoane, maana yake Bwana amefanya neema. Mtoto alipopewa jina, na kinywa cha Zakaria kikafunguliwa baada ya miezi ya ububu, aliimba wimbo ambao Kanisa lauimba kila asubuhi katika masifu yake. Katikati ya wimbo huo asema kwamba Mungu amewafanyia rehema baba zetu, na kukumbuka agano lake takatifu, na kiapo alichomwapia Abrahamu. Rehema, kukumbuka, kiapo. Ni Yoane, ni Zakaria, ni Elizabeti. Mzee yule aliimba majina ya nyumba yake, ya mtoto, ya kwake na ya mkewe, yakiwa yamefungwa ndani ya sifa ya Mungu.

Na jina la Yoane lilipatikana kwa taabu, msisahau. Siku ya nane majirani na jamaa walikusanyika, nao walikwisha kuamua kwamba mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mwajua jinsi ndugu wanavyojua kuamua majina ya watoto wasio wao! Zakaria hawezi kusema. Elizabeti peke yake, mwanamke mzee ambaye jana tu walikuwa wakimwita Tasa, akasimama akawaambia kwamba sivyo, mtoto ataitwa Yoane. Wakamjibu kwamba hakuna mtu katika ukoo wake mwenye jina hilo, wakamwacha wakamwendea mumewe, wakimwuliza kwa ishara za mikono. Naye akaomba kibao akaandika neno lile lile la mkewe. Mara nyingi nafikiri kwamba kibao kile kilikuwa kitabu cha kwanza cha ubatizo, maana mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Mbatizaji.

Wengine watauliza: Na yule malkia, je? Naam, wako malkia walioitwa Elisabeth, kama walivyo wauza samaki. Mapadri Wafransisko, walioleta Injili katika sehemu kubwa ya nchi ya Kamina, humheshimu Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, ambaye sikukuu yake ni tarehe 17 Novemba. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme. Akiwa na miaka 20 akawa mjane, na huko Marburg katika Ujerumani akajenga nyumba ya wagonjwa kwa heshima ya Mtakatifu Fransisko, akawaosha vidonda kwa mikono yake, hata akafa mwaka 1231, umri wake miaka 24. Kama wifi ataka kujua nguo ya Elizabeti yafananaje, basi mtakatifu huyo alipokufa alikuwa amevaa joho la maskini.

Nimefika kwenye swali la pili, nami siwezi kulikwepa tena.

Mama yule aliniuliza: Nikiitwa Elizabeti, nitazaa? Nilimjibu kwamba sijui. Uso wake ulibadilika, nami niliona haya, kwa maana nilikuwa na maneno matamu mengi ambayo ningeweza kumpa. Lakini tangu siku hiyo sijatubu kwa kutompa. Wako watu siku hizi, katika miji na hata katika vijiji vyetu, wajiitao manabii, wanaouza mimba kwa sala na mafuta, mwanamke akitoa fedha ya samaki wa mwezi mzima. Akikosa kuzaa, humwambia kwamba imani yake ni ndogo, au kwamba mama yake mzazi ni mchawi. Sitaki mwalimu wa Kanisa afanane nao. Jina la ubatizo si dawa. Hatulifungi kiunoni kama hirizi.

Mungu hakumwapia kila mwanamke mtoto. Alimwapia Abrahamu uzao ambao kwa huo mataifa yote yatabarikiwa, na kiapo hicho kilitimizwa katika Yezu Kristu, ambaye hakuzaliwa na Elizabeti. Mtoto wa Elizabeti, yule aliyengojewa kwa machozi, alikatwa kichwa gerezani kwa sababu ya karamu ya Herode. Kama kiapo cha Mungu kingekuwa ni mtoto tu, basi kiapo hicho kingalikufa pamoja na Yoane.

Elizabeti alilijua jambo hilo kabla ya sisi. Mkumbuke siku Maria alipofika nyumbani kwake, ile twayoikumbuka katika fumbo la pili la furaha la Rozari. Mama mzee yuko katika mwezi wa sita wa mimba ambayo aliingojea maisha yake yote. Tungetazamia aseme juu ya mtoto wake! Mwanamke gani wa Bukama asingesema? Lakini alipoisikia salamu ya Maria alijazwa na Roho Mtakatifu, akambariki Maria na tunda la tumbo lake, akastaajabu kwamba mama wa Bwana wake amemjia. Juu ya mtoto wake mwenyewe alisema neno moja tu, kwamba ameruka kwa furaha mbele ya yule mwingine. Ninyi nyote mwasali Salamu Maria. Nusu ya kwanza mwasema na malaika, na pale mnapombariki Maria kati ya wanawake, hapo mwaazima kinywa cha Elizabeti. Mama yule muuza samaki alikuwa akisema maneno ya Elizabeti kila jioni tangu alipoanza mafundisho, kabla hajajua kutaka jina lake.

Nilimwambia hayo yote, si vizuri kama nilivyoyaandika hapa. Nilimwambia pia aende zahanatini, na mumewe aende pamoja naye, hata kama itampasa Padri aseme na mume huyo kwanza. Nikamwambia kwamba akizaa ataitwa Elizabeti, na asipozaa ataitwa Elizabeti vilevile, na hakuna jirani atakayeweza kumwita vingine mbele ya Mungu. Hakujibu neno. Alifunga samaki wake katika kitambaa, akaweka kikapu kichwani, akashuka njia ya kituoni.

Alhamisi iliyofuata alirudi, naye hakuwa peke yake. Alikuja na wifi yake, aliyeketi nyuma karibu na mlango, mikono amekunja. Mama akasema aandikwe Elizabeti, na kando yake jina alilopewa na baba yake, yote mawili. Nikaandika. Ndipo wifi akauliza kutoka kule mlangoni, je, ni kweli kwamba katika jina hilo mna saba, na wale wana-kondoo walikuwa wa nani? Nikamwambia asogee mbele. Tulikaa hata jua likatua.